Mbolea ya Jumanne

Chupa ya mbolea ilikuwa imeisha, na mwezi wa tano ulikuwa haujafika hata katikati. Drahomíra aliigeuza juu chini kwenye sinki, akasubiri. Likatoka tone moja la rangi ya kahawia, basi. Chupa kama hiyo, lita nzima, ilikuwa ikiwatosha majira mawili ya joto, na hii aliinunua mwenyewe siku chache kabla ya Pasaka.

Aliiosha, akaikausha, akaisimamisha mezani kama chupa yenye kitu ndani. Kisha akaenda kuchungulia sebuleni.

Mumewe, Vlastimil, alikuwa dirishani amevaa sweta lake la kijivu, kopo la kumwagilia mkononi. Mbele yake palikuwa na dungusi kakati lake kubwa, la mviringo, lenye miiba ya rangi ya dhahabu, unene wake kama sufuria ya kupikia chakula cha arusi. Alikuwa anamimina taratibu, akizungusha mkono ili maji yasiguse mwili wa mmea.

"Unafanya nini, Baba Blanka?"

"Unaniuliza nafanya nini? Leo si Jumanne? Siku ya mbolea."

"Leo Alhamisi."

"Alhamisi yako hiyo," alisema bila kugeuka. "Huyu hapa anajua ni Jumanne."

Drahomíra alicheka kidogo, maana mzee alikuwa na mizaha yake tangu ujana. Lakini alipokwenda kupika, alisimama mbele ya viazi muda mrefu bila kushika kisu. Asubuhi ile ile, baada ya chai, alikuwa amemwona pale pale na kopo lile lile. Na jana. Na juzi mara tatu.

Vlastimil alikuwa mtu wa reli. Miaka arobaini na moja alisimama kwenye majukwaa ya stesheni, kwanza Nezamyslice, halafu Prostějov, yule mwenye kofia nyekundu anayeinua kibao ili treni iondoke. Nyumbani pia aliishi kwa saa. Supu saa sita na nusu, mke achelewe dakika tano aulizwe kama kuna mti umeanguka njiani. Madungusi yake ndiyo yaliyokuwa na ratiba kali kuliko vyote. Alianza kuyalisha mwezi wa nne, yakishaamka, akaacha mwisho wa mwezi wa nane. Kila wiki ya pili, Jumanne, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kwanza maji matupu, kesho yake mbolea, kwa sababu mizizi mikavu ikipewa chumvi huungua. Majira ya baridi hayapewi kitu. Yanalala makavu kwenye chumba kisicho na joto, na asiyaguse mtu.

Hasa Drahomíra. Yeye alikuwa fundi wa kiwanda cha nguo, miaka thelathini na mitatu akishona mifuko ya suruali za kiume, mifuko tu, maelfu kwa maelfu. Vidole vyake vilijua kazi ndogo ndogo kuliko vya mtu yeyote mjini. Lakini kopo la mbolea hakuruhusiwa.

"Mkono wako una huruma nyingi," Vlastimil alimwambia walipokuwa bado maharusi. "Wewe ukiona kiumbe kidogo unataka kukijaza. Dungusi halitaki huruma. Linataka njaa kidogo."

Naye alikubali. Alikuwa na mambo mengine ya kufanya. Walipohamia fleti ndogo, binti yao Blanka alipokwishaolewa huko Brno, Vlastimil aligawa madungusi tisini kwa wenzake wa chama cha wapenda madungusi, akabaki na saba. Hili la dhahabu ndilo lililokuwa kubwa, alilinunua likiwa kama kidole gumba mwaka wa pili wa ndoa yao.

Wiki ile Drahomíra alificha kopo. Alidhani kisichoonekana kitasahaulika. Vlastimil alilitafuta nyumba nzima, akafungua kila kabati, akatoa mashuka, akatoa viatu, akafika hadi kwenye oveni.

"Umeshampa, mume wangu. Umempa asubuhi."

"Sijampa."

"Umempa. Gusa udongo, umelowa."

"Umelowa kwa sababu wewe umemwaga maji!" Sauti yake ilipanda, na yeye hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Unanifichia kopo ndani ya nyumba yangu? Unataka afe njaa? Sema, unataka afe?"

Halafu akaketi juu ya rundo la mashuka pale ukumbini, akaanza kulia. Drahomíra alikuwa amemwona akilia mara moja tu, siku ya kumzika mama yake. Alienda akatoa kopo nyuma ya mashine ya kufulia, akampa.

Daktari wa Olomouc alimpa karatasi na kalamu, akamwomba achore saa. Vlastimil alichora duara safi kabisa, akapanga namba kumi na mbili, kila moja mahali pake. "Sasa weka mishale, iwe saa tano na dakika kumi." Kalamu ilikaa hewani. Drahomíra aliketi pembeni, mkoba mapajani.

"Saa hii imeharibika," Vlastimil alisema mwishowe, akairudisha karatasi kwa adabu. "Muiteni fundi. Abiria wanasubiri."

Daktari alitaja jina la ugonjwa. Drahomíra aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa saa ya treni ambayo tayari anaijua.

Waliporudi nyumbani alimpigia simu Rostislav, rafiki wa Vlastimil wa siku nyingi katika chama hicho cha madungusi. Hakumweleza habari ya daktari. Alimwambia tu kwamba dungusi kubwa halionekani vizuri.

Rostislav alikuja Jumamosi na mfuko wa changarawe begani. Alikuwa mtu mnene, mwenye kupumua kwa kelele, na baba yake aliwahi kuwa na banda la vioo lililovunjwa na mvua ya mawe, hadithi aliyoisimulia kila akinywa. Aliinama kwenye dungusi, akaona ukoko mweupe wa chumvi juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu. Akabonyeza ubavu wa mmea kwa mpini wa kijiko. Ukabonyea.

"Shemeji," alisema polepole, "huyu kala mara ngapi?"

Drahomíra aliinua vidole vinne, kisha akaongeza cha tano. "Kwa siku."

Rostislav alimtazama rafiki yake aliyekuwa amekaa kwenye kiti akitazama nje, akatazama tena chungu. Hakuuliza zaidi. "Tumtoe," alisema. "Tumsafishe mizizi, tumpe udongo mpya. Mbolea asionje tena mwaka huu. Akiwa na bahati ataishi."

Walitandika magazeti sakafuni. Hapo Vlastimil akageuka, akaona, akanyanyuka.

"Siyo hivyo, Rosto! Utajichoma kama mpumbavu. Kunja gazeti, lizungushe kiunoni kama mshipi. Mama Blanka, shika chungu. Usikivute, kizungushe. Taratibu, si suruali hiyo."

"Haya, bwana mkubwa wa stesheni," alisema Rostislav. "Kipenga kiko wapi?"

"Kipenga ninacho kwa wazembe tu. Inua sasa! Inua!"

Kwa muda wa saa nzima alikuwa mzima. Alijua udongo uchanganywe vipi, changarawe kiasi gani, kwa nini mmea ukae juu kidogo shingo isioze. Alimkumbusha Rostislav jina ambalo watu wamelipa dungusi hilo, kiti cha mama mkwe, na jinsi mama yake Drahomíra alivyolisikia jina hilo siku ya Krismasi, akainuka mezani na kusema basi hatakaa kabisa katika nyumba hii. Wote watatu walicheka mpaka Rostislav akajifuta macho. Drahomíra alicheka kuliko wote. Alikuwa anawaza kwamba labda daktari amekosea.

Mmea ulipotoka, Rostislav aliulaza ubavu. Mizizi ilikuwa ya kahawia iliyokolea, laini, ikitoa harufu kama ya viazi vilivyosahauliwa. Iliyokuwa hai ilikuwa michache.

Vlastimil alipiga magoti. Aliugusa mzizi mmoja, ukamkatikia mkononi. Alitazama kile kipande. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umevunjwa.

"Nani kamfanyia hivi?"

Rostislav alijishughulisha na changarawe.

"Nauliza, nani kamuunguza? Hii ni mbolea. Hii ni mbolea juu ya mbolea." Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na macho yake yalikuwa safi, macho ya zamani, yanayotaka jibu. "Nani?"

Drahomíra aliona jibu likielekea kumfikia mumewe. Aliliona kwenye paji la uso wake, jinsi alivyoanza kutazama mikono yake mwenyewe.

"Mimi," alisema.

"Wewe?"

"Mimi. Nilidhani ana njaa. Nikampa kidogo, halafu kidogo tena. Sikukwambia."

Vlastimil alikiweka kile kipande cha mzizi juu ya gazeti. "Nilikwambia," alisema. "Nilikwambia tangu zamani, mkono wako una huruma nyingi." Hakusema neno jingine. Walipomaliza kupanda alienda kulala na viatu.

Mlangoni Rostislav alimshika Drahomíra bega. "Usijali," Drahomíra alimwambia. "Kesho atakuwa amesahau."

Hakusahau. Vlastimil alisahau kwamba amekula, akasahau jina la mtaa, akasahau kwamba mama yake alikwisha kufa, ikabidi aambiwe upya na kulia upya hadi walipoacha kumwambia. Lakini habari ya mizizi ilimkaa kichwani kama msumari. Alimweleza mwenye duka la mikate. Alimweleza msomaji wa mita ya gesi. "Unamwona huyu mama? Aliniunguzia dungusi. Miaka arobaini na sita nilimlea, yeye akammaliza kwa wiki tatu." Watu walicheka, wakidhani ni utani wa wazee. Drahomíra naye alicheka pamoja nao.

Blanka alikuja kutoka Brno na mikate ya matunda ya plamu, akasikia hadithi hiyo mara nne katika chakula kimoja. Jikoni alimshika mama yake mkono.

"Mama, mwambie ukweli. Si haki."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ni yeye mwenyewe."

"Halafu?" Drahomíra aliendelea kufuta sahani. "Akiniudhikia mimi, anaudhika, anakula, analala. Akijua ni yeye, ataamka nalo kila siku. Kila siku litakuwa jipya. Unataka hivyo?"

Blanka hakutaka hivyo. Alirudi Brno na treni ya jioni, macho mekundu.

Kopo la kumwagilia lilibaki, kwa sababu bila kopo Vlastimil hakukaa. Lakini Drahomíra alikuwa amegundua dawa. Zamani mumewe alikuwa na sharti kwamba maji ya bomba hayafai papo hapo. Lazima yalale usiku mmoja ndani ya ndoo, yapoe, yatulie. Basi kila alipomwona anaelekea dirishani, alimwambia, "Maji hayajalala, Baba Blanka."

Naye alisimama. Sharti lilikuwa sharti. "Hayajalala?"

"Bado. Nimeyateka sasa hivi."

"Basi tungoje," alisema, akaweka kopo chini. Mara nane kwa siku, mara kumi, mara kumi na tano, kiangazi chote na vuli yote. Wakati mwingine Drahomíra alikuwa anakaanga kitu na akapaza sauti kutoka jikoni bila hata kutazama, akasikia kopo likigonga ubao.

Majira ya baridi Vlastimil alianza kutoka nje. Walimkuta stesheni kwa kandambili, kwenye jukwaa la pili, mkono umeinuliwa, theluji kichwani. Mara ya tatu alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, na Blanka akaja na karatasi za makao ya wazee katika kijiji kilicho mwendo wa stesheni mbili. Drahomíra alizitia sahihi zote kwenye meza ya jikoni. Mimea yenye miiba haikuruhusiwa vyumbani kule. Alimpakia soksi, redio ndogo, na ile jibini inayonuka aliyoipenda, ambayo wauguzi waliirudisha siku hiyo hiyo wakiomba samahani.

Alikwenda Jumatano na Jumapili. Mwanzoni Vlastimil alimpokea kwa swali moja, "Amekula?" Naye alijibu kwamba amelala, ni majira ya baridi. Hilo lilimtosha. Baadaye aliacha kuuliza.

Jumapili moja ya mwaka wa pili alimkuta amekaa karibu na mabomba ya joto, amenyolewa vizuri, amefungwa leso shingoni. Alimtazama Drahomíra kwa heshima, kama mtu aliyeketi naye behewa moja.

"Una mume, mama?"

Drahomíra alivua glavu, kidole kimoja kimoja. "Ninaye."

"Ana dungusi?"

"Analo."

"Usiliguse." Alijisogeza karibu, akashusha sauti. "Mke wangu aliligusa langu. Alilimwagia mbolea mpaka mizizi ikaungua yote."

"Kwa nini alifanya hivyo?"

"Huruma. Ni mtu mwema, ila mkono wake una huruma nyingi. Nilitaka kumfokea. Siku ile nilikuwa na maneno tele hapa." Aligusa kifua. "Lakini nikamwona midomo inamtetemeka. Nikanyamaza, nikaenda kulala."

"Ulifanya vizuri."

"Nilifanya vizuri," alikubali. "Usimwambie kwamba nimekueleza. Ataona aibu."

"Simwambii."

Alikaa naye mpaka chakula cha jioni kikaletwa, akamsaidia kukata donge la unga uliochemshwa vipande vidogo. Kisha akaaga bila kupewa mkono, maana Vlastimil alikuwa tayari anashughulika na kijiko. Ndani ya treni alikuwa peke yake katika behewa. Alilia hadi Prostějov bila kujifuta, na aliposhuka kondakta alimshika kiwiko kwenye ngazi.

Vlastimil alikufa mwezi wa pili, kwa homa ya mapafu, siku ya baridi kali ambayo treni zote zilichelewa. Walimzika alasiri. Baadaye walikwenda kwenye baa ya chama chao kula supu ya maini na kunywa pombe ya plamu. Watu wa reli walikuwa meza moja, watu wa madungusi meza nyingine. Mzee mmoja wa reli, asiyejua mengi, aliinua glasi upande wa mjane akitaka kumchangamsha.

"Mama, ni wewe kweli uliyemuunguzia dungusi lake? Alinieleza nilipokwenda kumwona. Alinieleza mara sita!"

Vicheko vidogo vilizunguka meza. Blanka aliweka kijiko chini, akawa anainuka. Drahomíra aliushika mkono wake chini ya kitambaa, akaubana.

"Mimi," alijibu. "Alinikataza, sikusikia."

Rostislav, upande wa pili, aliinama juu ya supu yake na hakuinua kichwa mpaka sahani zilipoondolewa.

Dungusi halikufa. Halikukua pia, mwili ulikuwa umenywea upande mmoja, na rangi yake ilikuwa imefifia. Ulipofika mwezi wa nne wa tatu tangu siku ile ya magazeti, Drahomíra aliona katikati ya utosi wake sufi mpya na miiba miwili mitatu midogo, myekundu, laini bado. Alimpigia Rostislav.

"Ameamka," alimwambia. "Nimpe?"

"Mpe, shemeji. Jana ulimpa maji?"

"Nilimpa."

"Basi nusu ya kifuniko ndani ya lita moja. Mimina ukizunguka, usimguse mwilini. Halafu muache wiki mbili."

"Halafu?"

"Halafu basi. Nini tena?"

Aliweka simu mezani bila kuikata. Alifungua chupa mpya, akapima nusu ya kifuniko kwa macho ya mtu aliyeshona mifuko miaka thelathini na mitatu, hakuzidisha tone. Akakoroga, akaenda dirishani, akamimina taratibu akizunguka. Udongo ukanywa. Kopo likaisha. Hata maji ya chai aliyoinjika jikoni yalikuwa hayajachemka.

Alisimama pale na kopo tupu, na kitu kikampanda kifuani, akadhani ni kilio. Hakikuwa kilio. Alikuwa amekasirika. Alikasirika mpaka masikio yakawaka moto, hasira ya miaka yote ile ya Jumanne, ya kusogezwa pembeni na kiwiko, ya kuambiwa mkono wako, mkono wako.

"Shemeji?" Rostislav alikuwa anaita mezani. "Uko?"

Alirudi akaiokota simu. "Rosto, ndiyo kazi yenyewe hii?"

"Kazi gani?"

"Hii ya mbolea. Kumbe ni hivi tu? Nusu ya kifuniko?"

Rostislav alianza kucheka, kisha akaacha. Alisikika akipumua kwa kelele upande wa pili.

"Ni hivyo tu, shemeji," alisema.

"Mjinga yule," alisema Drahomíra, na sasa kilio kilikuja. "Mzee mjinga yule. Angenionyesha siku moja tu."

Rostislav hakukata simu. Alingoja hadi Drahomíra alipotulia, ndipo akamuuliza kama amekula. Drahomíra alisema bado, mkate umeisha, na leo Jumamosi duka linafungwa saa sita. Akafuta uso kwa aproni, akaosha kopo, akaligeuza juu ya sinki lijichuje maji, akavaa koti na kushuka ngazi.